Kuhesabu Madini Joto kwa Tone

Chukua chumvi ya mifuko miwili, mmoja wenye madini joto ya kutosha na mwingine usio nayo kabisa. Macho hayaoni tofauti, ulimi hauonji tofauti, na maandishi ya mfukoni hayathibitishi kitu. Kinachotafutwa ni kidogo mno: mwaka 1996 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chumvi itoke kiwandani ikiwa na miligramu 20 hadi 40 za iodini, yaani madini joto yenyewe, katika kila kilo. Hata hivyo, fundi wa maabara mwenye bureti (mrija wenye vipimo unaodondosha matone), asidi kidogo na uji mwepesi wa wanga huzihesabu miligramu hizo bila mashine yoyote ya gharama.

Huanza kwa kuyeyusha gramu 10 za chumvi katika maji. Kwa kawaida madini joto hutiwa kwenye chumvi yakiwa iodeti ya potasiamu, ambayo huvumilia joto na unyevu kuliko iodidi. Iodeti ina tabia moja kubwa: hunyang'anya elektroni. Fundi akiongeza asidi na iodidi ya potasiamu, kila iodeti moja huzivamia iodidi tano, na kutokana na vurugu hiyo huzaliwa molekuli tatu za iodini. Maji yaliyokuwa meupe hugeuka manjano. Kitu kisichoonekana kimezaa kinachoonekana, tena kwa uwiano usiobadilika. Siri ya mbinu nzima imo humo.

Chupa hufichwa gizani kwa dakika chache, kwa sababu mwanga huisaidia hewa kuzalisha iodini ya ziada ambayo haikutoka kwenye chumvi. Kisha kazi ya bureti inaanza. Tiosalfeti ya sodiamu hudondoka tone kwa tone, ikiirudishia iodini elektroni zake. Manjano yakipauka, fundi hutia wanga na mmumunyo mzima huwa buluu iliyokoza. Minyororo ya wanga hujiviringa kama springi, na iodini huingia katikati yake. Wanga ukitiwa mapema, iodini ikiwa bado nyingi, hung'ang'ania humo na kuchelewa kutoka, na hesabu huharibika. Ukitiwa kwa wakati wake, tone moja tu linatosha kuifuta buluu yote.

Hapo hufuata hesabu. Kwa tiosalfeti ya molari 0.005, kila mililita iliyotumika ni sawa na miligramu 10.58 za iodini kwa kilo ya chumvi. Mililita tatu zinamaanisha karibu miligramu 32, chumvi ya kuaminika. Nusu mililita inamaanisha tano tu, na familia inayoila imeachwa bila kinga.

Mkemia Karl Schwarz alianza kutumia tiosalfeti kwa kazi hii mwaka 1853, na tangu hapo mbinu imeenda mbali na chumvi. Mwaka 1888 Lajos Winkler wa Budapest aliitumia kupima oksijeni iliyomo ndani ya maji. Oksijeni hunaswa kwanza na manganizi, mashapo ya kahawia yanatua chini, asidi inayayeyusha, na iodini inatokea badala ya oksijeni. Vipimo vya oksijeni ndivyo vilivyoonyesha kwamba Ziwa Tanganyika, lenye kina cha takriban mita 1,470, lina oksijeni katika tabaka la juu tu. Chini ya mita mia moja au mia mbili hivi samaki hawezi kuishi. Hadi leo, meli za utafiti wa bahari husahihisha vihisio vyao vya kielektroniki kwa njia ya Winkler.

Mchezo huo huenda kinyume pia. Vitamini C hutoa elektroni, kwa hiyo haizai iodini bali huila. Fundi hudondosha iodini kwenye maji ya ubuyu au ya chungwa yaliyotiwa wanga. Vitamini ikiisha, tone linalofuata huacha buluu.

Lakini kwenye chumvi ndiko kipimo hiki kinakogusa maisha ya watu moja kwa moja. Mama mjamzito akikosa iodini, ubongo wa mtoto huathirika kabla hajazaliwa. Rovu shingoni ni dalili tu inayoonekana. Ziada nayo ina madhara. Katika miaka ya 1990, chumvi yenye madini joto ilipoingia Zimbabwe na Kivu, madaktari waliona ongezeko la wagonjwa ambao tezi zao za shingoni zilifanya kazi kupita kiasi. Kwa wazalishaji wadogo wanaonyunyizia iodeti kwa pampu ya mkono, gunia moja linaweza kulowa na la pili likakosa. Kichupa cha matone cha kupimia haraka huonyesha kwamba iodini ipo. Kiasi chake hakikitaji kwa uhakika.

Kwa hiyo bureti haina budi kufika karibu na mashamba ya chumvi. Wanafunzi wa kidato cha sita wanaosoma kemia tayari hufanya titresheni ya tiosalfeti, yaani kipimo hiki cha matone, kwenye mazoezi yao ya maabara. Halmashauri za pwani zenye mashamba hayo ziwaunganishe wazalishaji na shule hizo, na chumvi ya kila awamu ipimwe kabla haijafungwa kwenye mifuko.