Ruwenzori Hautalipuka

Tangu volkano ya Nyiragongo itapike Mei 2021, swali limekuwa likizunguka, na mwanafunzi mmoja wa Musienene ameniletea: na Ruwenzori utalipuka lini?

Hautalipuka. Kilele chake, Margherita, chenye mita 5,109 mpakani mwa Kongo na Uganda, ni cha tatu kwa urefu Afrika baada ya Kilimanjaro na Mlima Kenya. Hiyo miwili ni mazao ya volkano. Ruwenzori ni gneisi na amfiboliti, miamba ya kale ya vilindini ambayo leo inavikwa theluji.

Ajabu yake ni hii. Katika Bonde la Ufa ardhi inavutwa na kupanuka, na inapopanuka sakafu hushuka, kama ilivyoshuka ya bonde la Semliki. Mlima umepandaje hapo?

Nenda Kyavinyonge, kwenye pirogi za wavuvi wa Ziwa Edward. Funga tatu ubavu kwa ubavu. Ya katikati ni nyepesi, lakini jirani zake zimejaa shehena na kamba zao zinaizuia chini. Kata kamba ya kushoto, itainama. Kata ya kulia, itapanda hadi kimo chake. Ukichota na maji yaliyomo ndani, itapanda zaidi. Ndivyo gamba la dunia linavyoelea juu ya miamba mizito yenye joto, inayojongea taratibu mno. Tawi la ufa la Ziwa Albert lilikata upande wa magharibi, la Edward na George likakata mashariki. Kipande cha kilomita kama 120 kwa 50 kikafunguka, kikapanda. Kisha mito na barafu zikakichonga na kuchukua mawe yake kuyapeleka bondeni, na kila mzigo uliotoka ulikiinua tena. Mimi nauita mlima-bloku. Waashi wa Butembo watanielewa upesi.

Wanande na Wakonjo wanaujua kwa jina la Rwenzururu, mahali pa theluji, makao ya mungu wa jadi Kitasamba. Mpelelezi Stanley aliuona 1888. Mwaka 1891 Mjerumani Franz Stuhlmann alipandia bonde la Butahu, upande wetu wa Kongo, akaishia karibu mita 4,000. Tarehe 18 Juni 1906 Mwitaliano Luigi Amedeo wa Abruzzi, akitokea Uganda, alikanyaga kilele na kukipa jina la Margherita, malkia mama wa Italia. Wabelgiji wa Xavier de Grunne walikuja 1932 kwa upande wa Kongo, na njia ya kupandia huku huanzia Mutwanga, ikipitia vibanda vya Kalonge, Mahangu na Kiondo.

Bloku hii bado inasogea. Tarehe 20 Machi 1966 tetemeko liliua zaidi ya watu 100 kandokando yake. Basi mwanangu, Ruwenzori hauna moto wa kututisha, ila una mitetemo. Ukijenga, weka vyuma kwenye nguzo na mkanda wa zege juu ya madirisha.