Archie Mafeje na Dhana ya "Kabila" katika Historia ya Fikra za Kijamii Afrika

Utangulizi

Katika ripoti nyingi za utafiti na za sera katika ukanda wa Afrika Mashariki, neno "kabila" hutumika kana kwamba halihitaji maelezo. Zikitokea ghasia za uchaguzi au mgogoro wa ardhi, kabila hutajwa kuwa chanzo na uchunguzi huishia hapo. Makala hii inafafanua hoja ya mwanasosholojia Archie Mafeje (1936–2007) aliyeupinga mtindo huo, na kuonesha umuhimu wake kwa watafiti na washauri wa sera.

Misingi ya Hoja

Mafeje alizaliwa Afrika Kusini. Utafiti wake wa mwanzo ulifanyika Langa, kitongoji cha Waafrika jijini Cape Town, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1963 katika kitabu alichokiandika pamoja na Monica Wilson. Baadaye alifanya utafiti wa nyanjani Buganda kwa ajili ya shahada ya uzamivu ya Chuo Kikuu cha Cambridge, akisimamiwa na Audrey Richards, aliyewahi kuiongoza taasisi ya utafiti wa kijamii ya Makerere. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Cape Town kilimteua kuwa mhadhiri, kisha kikatengua uteuzi huo kwa shinikizo la serikali ya ubaguzi wa rangi. Mwaka uliofuata alikwenda kuiongoza Idara ya Sosholojia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Mwaka 1971 alichapisha makala kuhusu itikadi ya ukabila. Alieleza kwamba jamii ndogo zilizojitosheleza kiuchumi na kisiasa ziliwahi kuwapo, lakini ukoloni, uchumi wa fedha na ajira ya mbali viliziunganisha katika mfumo mpana zaidi. Kuendelea kuziita "makabila" ni kuficha mfumo huo. Alibainisha pia kuwa lugha za wenyeji wa Afrika Kusini hazikuwa na neno lenye maana hiyo. Mtu aliulizwa ametoka katika nchi ya mtawala gani.

Hata hivyo, Mafeje hakukana kuwa hisia za kikabila zipo. Alitofautisha mtu anayefuata desturi za kwao akiwa kwao na mwanasiasa anayezitumia ili ajipatie madaraka katika mji mkuu, huku akiwanyonya hao hao anaodai kuwatetea. Kwa huyu wa pili, ukabila ni itikadi, na itikadi haielezi chochote mpaka yenyewe ielezwe.

Nafasi ya Kiswahili

Neno "kabila" limetoka katika Kiarabu, na limeishi katika Kiswahili pamoja na "ukoo", "mbari" na "taifa". Katika mwambao, watu wamejitambulisha pia kwa miji yao: Waamu, Wapate, Wamvita. Msamiati huu unawapa watafiti nafasi ya kueleza aina mbalimbali za mafungamano bila kuyarundika yote chini ya neno moja.

Athari kwa Sera

Nchi jirani zimechukua njia tofauti. Tanzania iliacha kuuliza kabila katika sensa baada ya ile ya 1967, ilhali Kenya iliuliza katika sensa ya 2019. Rwanda iliondoa utambulisho wa kikabila katika vitambulisho baada ya mauaji ya kimbari ya 1994. Burundi, kwa Katiba ya 2005, iliweka uwiano wa asilimia 60 ya Wahutu na 40 ya Watutsi katika Bunge la Taifa. Tofauti hizi zinathibitisha kuwa namna ya kuwaainisha raia ni uamuzi wa dola, wala si jambo la maumbile. Kila uamuzi una gharama yake: kuhesabu makabila kunaweza kuimarisha mipaka, na kutoyahesabu kunaweza kuficha ukosefu wa usawa.

Hitimisho

Hoja ya Mafeje haiwataki washauri wa sera walifute neno "kabila". Inawataka wasilifanye kuwa jibu. Ripoti inayolitumia haina budi kueleza kundi husika liliainishwa na nani, lini, na kwa manufaa ya nani. Kisha ichunguze umiliki wa ardhi, mgawanyo wa ajira na njia za kupata madaraka. Bila hatua hizo, mapendekezo ya sera yatashughulikia jina la tatizo na kuliacha tatizo lenyewe.