Kijito Kisicho na Watu

Vijana huuliza mara nyingi wapi pa kuvulia pasipo na msongamano. Huko Marekani wavuvi husafiri mbali kutafuta vijito vya samaki samoni, atokaye baharini na kupanda mito ili atage. Sisi wa bonde la Kagera tunaye ningu. Mvua kubwa zikianza, yeye hutoka Ziwa Victoria, hupanda mito na kutaga penye majani yaliyofunikwa na mafuriko, kisha hurudi ziwani.

Zamani ningu walijaa. Lakini nyavu za makila zilitegwa midomoni mwa mito, wakanaswa wakiwa na mayai tumboni. Kufikia miaka ya 1960 walikuwa wamepungua sana. Basi ukikuta kijito kitupu, uliza kwanza: ni wavuvi wasiokuwapo, au ni samaki?

Hapa Ngara tuna Mto Ruvuvu. Daraja na njia kuu uziache, maana hapo watu hawakosi. Tembea, uwaulize wenyeji, utafute penye matete ambapo kijito huingia mtoni. Kambale hupapenda, hasa jioni. Usiingie majini hata kifundoni, kwa ajili ya mamba na viboko. Rusumo si mahali pa kujaribu: maji ni makali, tena ni mpakani.

Katika mvua za masika, wavu au mgono usizibe kijito kizima. Ndoana moja na nyungunyungu wachache hutosha kwa kitoweo cha nyumba.