Mbwa, Watoto na Haki ya Kukatiza Shamba la Mtu

Siku za mapumziko katika Chipping Campden, mji mdogo wa gulio kwenye vilima vya Cotswolds huko Uingereza, familia hutoka mjini kwa miguu. Watoto wamevaa buti za mpira, mbwa ametangulia akivuta kamba, na wote wanaelekea kwenye mashamba ya watu. Hawajaomba ruhusa kwa yeyote. Wanaiacha barabara, wanafungua lango, wanakatiza malisho ya kondoo, na mwenye kondoo hana neno. Hii ni nchi ambayo ardhi yake karibu yote ina mwenyewe, na wenyewe hao hawana sifa ya kuigawa kwa ukarimu. Inakuwaje basi wapitaji wakaachwa wapite? Wengi watajibu kwamba sheria inawaruhusu, na ni kweli. Lakini sheria hiyo haikuzaa njia, ilizikuta, ikaziandika. Rai yangu ni kwamba matembezi haya, yanayoonekana ni starehe ya watu wasio na shughuli, ndiyo yanayoishikilia haki yenyewe isiwaponyoke, na kwamba kati ya watembeaji wote mwenye mbwa ndiye anayefanya sehemu kubwa ya kazi hiyo, ingawa mwenyewe anadhani amemtoa tu mnyama wake akajisaidie.

Mji wenyewe ulinenepa kwa sufu. William Grevel, mfanyabiashara wa sufu aliyefariki mwaka 1401, ana nyumba ambayo bado imesimama kwenye barabara kuu, na kaburi lake limo ndani ya kanisa la St James, ambalo nalo lilipanuliwa kwa fedha hizohizo za kondoo. Katikati ya mji lipo banda la soko lililojengwa mwaka 1627 kwa gharama za tajiri Baptist Hicks: nguzo na matao ya mawe, paa juu, sakafu ya mawe yasiyolingana. Liliwekwa ili wauza siagi, jibini na kuku wapate kivuli na kujikinga na mvua. Wauzaji hao walitoka vijiji vya jirani, na wengi wao walikuja kwa miguu na vikapu vyao. Mtu aliyebeba mzigo hazunguki bila sababu. Hukata katikati ya shamba, huvuka kijito mahali palipo na kina kifupi, hupita nyuma ya kinu, na kesho yake jirani yake hupita palepale. Hivyo ndivyo zilivyopatikana njia za gulioni, za kanisani na za kinuni, bila mchoro wa mhandisi. Leo mtu akishangaa kwa nini njia fulani inapita kwenye ua wa nyumba ya mkulima, aangalie inakotoka na inakokwenda. Mara nyingi ataona kwamba ilikuwa ikimpeleka mtu kazini au sokoni.

Kisha ardhi ikafungwa. Kati ya mwaka 1604 na 1914 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kugawa na kuzungushia ua ardhi iliyokuwa ikitumiwa kwa pamoja, na eneo lililohusika linazidi kidogo sehemu moja ya tano ya nchi. Campden ina ushahidi wake wa jambo hilo, umbali mfupi kutoka banda la soko. Juu ya mji kuna kilima kinachoitwa Dover's Hill, ambapo mwanasheria Robert Dover alianzisha michezo ya kila mwaka mnamo 1612: mbio, mieleka, na shindano la kupigana mateke ya miundi, ambalo hadi leo lina washabiki wake (nami sitajaribu kulitetea). Katikati ya karne ya 19 ardhi ya jumuiya pale ikagawanywa, na mwaka 1852 michezo ikakoma. Ilifufuliwa karibu miaka mia moja baadaye, mwaka 1951. Kilima chenyewe kilinusurika kujengwa hoteli mwishoni mwa miaka ya 1920, baada ya msanii Frederick Griggs, mkazi wa mji, kukinunua ili kimilikiwe na National Trust, shirika la hifadhi ambalo linakitunza hadi sasa.

Katika kisa hicho kuna tofauti ya kuangaliwa. Haki ya kulisha ng'ombe kwenye ardhi ya pamoja ilifutwa kwa kalamu, haki ya kukusanyika na kucheza ikafuata, lakini njia nyingi za miguu zilibaki. Si kwamba mabwana wa ardhi walizionea huruma. Mwaka 1815 ilitungwa sheria iliyowawezesha mahakimu wawili tu kuifunga njia iliyoonekana haina haja, na mahakimu wenyewe aghalabu walikuwa wenye ardhi. Njia zilibaki pale ambapo watu hawakuacha kuzipita. Njia inayokanyagwa kila siku ni vigumu kuiita haina haja.

Sheria ya leo imesimama juu ya hoja hiyohiyo. Tangu sheria ya mwaka 1932, na sasa chini ya kifungu cha 31 cha sheria ya barabara ya mwaka 1980, njia iliyotumiwa na umma kwa miaka 20 mfululizo huhesabiwa kuwa imetolewa kwa umma, isipokuwa mwenye ardhi athibitishe kwamba hakukusudia hivyo. Matumizi hayo yawe ya wazi, yasiwe ya nguvu, na yasiwe ya ruhusa. Sharti la mwisho ndilo linalowashangaza wengi: anayepita kwa hisani ya mwenye shamba hajengi haki yoyote, kwa hiyo mwenye shamba mjanja huweka kibao cha kuwakaribisha wapitaji kwa ruhusa yake. Sheria ya mwaka 1949 iliziagiza halmashauri zichore ramani rasmi za njia hizi, na sasa Uingereza na Wales zina takriban kilomita 225,000. Hata hivyo ramani zina mapengo. Mwaka 2020 chama cha watembeaji, Ramblers, kililinganisha ramani za zamani na za sasa kikapata zaidi ya maili 49,000 za njia ambazo huenda zilisahauliwa.

Linapozuka shauri la njia isiyo kwenye ramani, halmashauri hutaka mashahidi: nani alipita hapa, tangu mwaka gani, mara ngapi, je aliwahi kuzuiwa? Mtalii hawezi kujibu maswali hayo. Mpanda milima anayekuja mara mbili kwa mwaka anajibu kwa unyonge. Mwenye mbwa, ambaye amepita asubuhi na jioni, masika na kipupwe, anajibu bila kusita. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Liverpool uliochapishwa mwaka 2019 kuhusu wakazi wa eneo moja la Cheshire ulionyesha kwamba wenye mbwa walikuwa na uwezekano wa takriban mara nne kuliko wasio na mbwa kufikia kiwango cha mazoezi kinachopendekezwa, yaani dakika 150 kwa wiki. Sababu haihitaji falsafa. Mbwa haelewi mvua ni nini wala baridi ni kisingizio gani. Akishasimama mlangoni, mtu hutoka. Ni kweli kwamba kisheria njia iliyokwisha kuwa ya umma haifi kwa kukosa wapitaji. Lakini upupu na miiba haisomi sheria, na halmashauri yenye fedha kidogo hukarabati kwanza pale panapolalamikiwa.

Wafugaji wana malalamiko yao, na si madogo. Kondoo mwenye mimba akikimbizwa na mbwa anaweza kupoteza mwanawe hata kama hakuguswa na jino. Kinyesi cha mbwa kinaweza kubeba vijidudu vya Neospora, vinavyoharibu mimba za ng'ombe, na mfuko wa plastiki wenye kinyesi ulioning'inizwa mtini na mtu aliyejidai kuwa atarudi kuuchukua ni fedheha isiyo na utetezi. Sheria iko upande wa mfugaji: tangu mwaka 1953 ni kosa mbwa kusumbua mifugo, na baadaye ikaongezwa kwamba kumwachia tu mbwa asiye na kamba wala asiyedhibitiwa kwa karibu kwenye malisho yenye kondoo ni kosa lilelile. Katika mazingira fulani mfugaji akimpiga risasi mbwa huyo ana kinga. Haya yote nayakubali, ila hitimisho la wale wanaotaka mbwa wapigwe marufuku silikubali. Njia iliyo wazi, yenye mishale na lango linalofunguka, humweka mbwa kwenye mstari mmoja unaojulikana, na mfugaji akaweza kuwahamishia kondoo wenye mimba kwingine. Njia iliyozibwa ndiyo inayowatawanya watu na mbwa wao shambani kote. Mtembeaji naye ana la kujifunza: ng'ombe wenye ndama humwona mbwa kama adui, na wakikukimbilia, ushauri ni kumwachia mbwa kamba. Atawakimbia. Wewe huwezi.

Pingamizi la pili linanigusa zaidi, nalo ni kwamba haya yote ni raha ya wenye nafasi. Kituo cha treni cha Campden kilifungwa mwaka 1966, mabasi ni machache, na nyumba za mawe ya rangi ya asali mjini humo si za kila mfuko. Kwa msomaji wa Mwambao, ambako mbwa hulinda ua na wengi hawamwingizi ndani kwa sababu za kidini, habari ya kumpeleka matembezini huenda ikaonekana kama kichekesho. Umbali wa mji ni tatizo la usafiri, na litatuliwe huko. Lakini njia yenyewe haina kiingilio. Njia ya Cotswold Way, yenye urefu wa kilomita 164, inaanzia palepale kwenye banda la soko hadi mji wa Bath, na kipande chake cha kwanza, kinachopanda Dover's Hill, hata mtoto mdogo anaweza kukimaliza kabla ya chakula cha mchana.

Wapo pia wanaosema njia ni kidogo mno, kwamba Uingereza ifuate Scotland, ambako sheria ya mwaka 2003 inamruhusu mtu kutembea kwa uangalifu karibu kila mahali. Sheria ya mwaka 2000 upande wa Uingereza ilifungua takriban asilimia 8 tu ya nchi, zaidi nyika na milima, nayo inataka mbwa awe kwenye kamba isiyozidi mita mbili kuanzia Machi 1 hadi Julai 31, wakati ndege wanaatamia. Nawaunga mkono kwa sehemu. Ila ruhusa ya kwenda popote humfaa zaidi mtu mzima mwenye ramani na miguu imara. Bibi aliyemshika mjukuu mkono, na mbwa mzee anayechechemea nyuma yao, wanahitaji lango lisilokwama na ukingo wa shamba uliofyekwa, na vitu hivyo huwekwa pale ambapo halmashauri na mwenye shamba wanajua kwamba kesho asubuhi kuna mtu atapita.