Likizo nyumbani yaweza kumfaa mtoto mdogo kuliko safari ya gharama

KILA mwaka shule zinapofungwa kwa likizo ya mwisho wa mwaka, wazazi wengi humu nchini huingiwa na wasiwasi wa aina mbili. Wa kwanza ni wa mfuko. Nauli za kwenda mashambani hupanda Krismasi inapokaribia, hoteli za Pwani hujaa wageni, nayo karo ya Januari huwa imekwisha kubisha hodi. Wa pili ni wa fikra. Je, mtoto wa miaka minne au saba atafanya nini nyumbani kwa majuma hayo yote, ila kukodolea macho runinga?

Wasiwasi huo wa pili ndio huwasukuma baadhi ya wazazi kuwatafutia wanao walimu wa masomo ya ziada, hata watoto ambao bado hawajui kufunga kamba za viatu. Wengine hukopa pesa ili jamaa yao isionekane imeachwa nyuma na majirani waliosafiri. Ukweli ni kwamba likizo sahili ya nyumbani, ikipangwa kwa makini, humpa mtoto mdogo karibu yote anayohitaji.

Yafaa ieleweke kwanza kwamba mapumziko si zawadi anayopewa mtoto kwa kuwa wa kwanza darasani. Ni haki yake. Kifungu cha 31 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Mtoto wa 1989, ambao Kenya iliuidhinisha mwaka wa 1990, kinatambua haki ya mtoto kupumzika na kucheza. Isitoshe, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, katika kifungu cha 37, inaharamisha masomo ya likizoni. Anayepatikana na hatia anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh100,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au adhabu zote mbili.

Sababu za kisheria kando, mwili wenyewe wa mtoto hudai pumziko. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa 2019, linapendekeza kwamba mtoto wa miaka mitatu au minne apate saa 10 hadi 13 za usingizi kwa siku, ukiwemo ule wa mchana. Sasa mtazame mtoto wa umri huo anayelala saa tatu usiku na kuamshwa saa kumi na nusu alfajiri ili asiachwe na basi la shule. Amelala saa saba na nusu tu. Hata akisinzia darasani adhuhuri, deni halilipiki. Likizo ndiyo nafasi yake ya kulilipa, na mzazi anayemwacha alale hadi aamke mwenyewe hamfundishi uvivu.

Baada ya usingizi ni mchezo. Mwongozo huo huo unasema mtoto wa umri huo anafaa kutumia angaa dakika 180 kwa siku akishughulisha viungo vyake, na asitazame runinga au simu kwa zaidi ya saa moja. Kwa walio chini ya miaka miwili, inapendekezwa wasitazame kabisa.

Michezo inayohitajika haiuzwi dukani. Chukua mfano wa mdako. Mtoto huchimba kishimo, akatia kokoto, kisha hurusha moja juu na kabla haijaanguka awe amezitoa nyingine na kuidaka ile iliyo hewani. Hapo jicho na mkono vinafunzwa kuafikiana, na kichwa kinahesabu zilizotoka na zilizobaki. Hiyo ni hesabu ya kujumlisha na kutoa, bila kitabu. Katika kati, anayekwepa mpira hujifunza wepesi na kukubali kushindwa. Kibemasa humfundisha subira. Naye anayeunda tiara kwa karatasi na njiti hugundua mwenyewe kwamba kishada kizito hakipai.

Kazi ndogo za nyumbani nazo ni mafunzo. Mtoto wa miaka mitano anaweza kuchambua maharagwe na kutenga mawe, kupanga viatu mlangoni au kukanda kipande chake cha unga wa chapati. Ni kweli kwamba atachelewesha mapishi na kumwaga unga sakafuni. Lakini anayeambiwa kila siku “ondoka hapa, utachafua” asilaumiwe akiwa na miaka 15 na hajui kuchemsha chai.

Kwa wenye kiwanja kidogo au gunia la udongo tu roshanini, likizo hii huja katika majira ya vuli au mara tu baada yake. Mbegu za mchicha zikipandwa likizo inapoanza na kunyunyiziwa maji kila siku, jamaa inaweza kula mboga hiyo kabla shule hazijafunguliwa. Asiye na udongo atie maharagwe machache kwenye pamba yenye unyevu ndani ya gilasi. Yatachipuka baada ya siku chache, na mtoto atakuwa wa kwanza kuamka ili ayatazame.

Si lazima kila dakika iwe na ratiba. Mtoto akilalamika kwamba hana la kufanya, mzazi asikimbilie kumpa simu. Aghalabu, baada ya nusu saa ya manung’uniko, utamkuta amepata waya na vifuniko vya chupa, anaunda gari.

Kuna tahadhari zisizopaswa kupuuzwa. Mtoto mchanga anaweza kufa maji katika ndoo, sembuse pipa lililo wazi au mtaro uliofurika. Mafuta taa yasihifadhiwe katika chupa za soda, kwa kuwa mtoto hunywa akidhani ni kinywaji. Sumu ya panya ifungiwe, na jiko la makaa liwekwe mbali na njia wanamopita. Mzazi aendaye kazini amweleze yaya mambo haya waziwazi, wala asidhani anayajua.

Mzazi huyo pia asijilaumu kwamba hashindi nyumbani. Nusu saa ya jioni, simu ikiwa imewekwa kando, inatosha kwa vitendawili na ngano. Anayeitikia “Tega!” anajifunza kufikiri kwa mafumbo, na anayesimulia hadithi kwa zamu hujifunza kupanga maneno mbele ya watu.

Mwandishi wa makala haya hana haki ya kuwahukumu wenzake. Wanangu walipokuwa wadogo niliwapeleka masomo ya ziada likizo baada ya likizo, nikiamini ninawajengea kesho yao. Juzi nilimuuliza kifungua mimba wangu, ambaye sasa ni baba wa watoto wawili, anakumbuka nini katika likizo zile. Hakutaja somo hata moja. Alikumbuka Desemba ambayo stima ilipotea kwa siku tatu, tukawa tunaketi sote sebuleni kwa mwanga wa kandili, mama yao akitega vitendawili nami nikishindwa kuvitegua.

Nilijaribu kukumbuka siku hizo tatu kama anavyozikumbuka yeye. Nilichokumbuka ni kwamba niliudhika mno, kwa kuwa watoto hawangeweza kudurusu.

Mwaka huu wajukuu watakuja kwangu. Nimekwisha kununua mbegu za mchicha.