Kabureta ya Pikipiki Basotu: Isafishwe, Inunuliwe Ripea Kiti, au Mpya?

Bodaboda anayebeba abiria kati ya Basotu, Katesh na Haydom lazima siku moja akutane na swali hili. Pikipiki inakula mafuta, haishiki silensa, fundi ameshafungua kabureta na kuitandaza juu ya gunia, sasa anasubiri kauli ya mwenye chombo. Isafishwe irudi? Inunuliwe ripea kiti, vibadilishwe vya ndani tu? Au iwekwe pembeni, inunuliwe mpya? Wengi huamua kwa kuangalia bei ya dukani. Hiyo ndiyo gharama ndogo kuliko zote, kwa sababu kubwa inalipwa baadaye, kidogo kidogo, kila unapojaza tangi.

Tupige hesabu. EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na bei hizo hutofautiana kwa miji, kwa hiyo angalia ya Katesh, si ya Dar es Salaam. Kwa wepesi wa hesabu tuchukulie lita moja ya petroli ni shilingi 3,000. Pikipiki inayotumia lita tatu kwa siku, kabureta ikipoteza sehemu moja ya kumi tu, inamwaga lita 0.3 kila siku. Kwa siku 26 za kazi hizo ni lita 7.8, yaani shilingi 23,400 kwa mwezi. Kwa mwaka ni shilingi 280,800. Anayenunua kwa chupa kijijini aongeze na faida ya muuzaji. Na upotevu wa kiasi hicho hauonekani kwa macho: pikipiki inawaka, inapanda mlima, abiria halalamiki.

Kwa hiyo, ukitajiwa bei ya kabureta mbili, moja rahisi na moja ghali, chukua tofauti yake uilinganishe na hiyo shilingi 23,400. Mara nyingi utaona kwamba ile rahisi, kama haikubali kusetiwa vizuri, imeshameza nafuu yake yote kabla msimu haujaisha.

Nianze na kusafisha, maana ndiyo njia ya bei ya chini na ndiyo inayoharibiwa zaidi. Ugonjwa wa kawaida wa huku ni uchafu: vumbi la kiangazi kutoka mashamba ya ngano na barabara za udongo, maji yaliyotuama chini ya dumu, na petroli iliyokaa muda mrefu hadi ikaacha gundi. Mahali panapoziba kwanza ni jeti ndogo, ile inayolisha injini pikipiki ikiwa silensa. Kitundu chake hakifiki nusu milimita. Sasa mwangalie fundi wako anakizibuaje. Akichukua waya wa breki au sindano ya kushonea akaanza kuchokonoa, mzuie. Shaba ya jeti ni laini. Kitundu cha milimita 0.38 kikitanuka kuwa 0.42, tofauti ambayo jicho haliioni, nafasi ya kupitisha mafuta imeongezeka kwa zaidi ya asilimia 20. Hapo umelipia usafi ukanunua ulaji wa mafuta. Jeti huloweshwa kwenye petroli safi au dawa ya kusafishia kabureta, kisha hupulizwa kwa kompresa. Ikikataa kuzibuka, inanunuliwa nyingine yenye namba ileile.

Ripea kiti huja na sindano, jeti mbili, vali ya boya na gasketi. Inafaa pale mwili wa kabureta ukiwa mzima lakini vya ndani vimelika: mafuta yanadondoka kwenye mpira wa chini hata injini ikizimwa, au sindano ina mkwaruzo unaosikika ukipitisha ukucha. Tatizo ni kwamba kiti nyingi za bei ya chini zina jeti zisizolingana na namba zilizogongwa juu yake. Ushauri wangu: kama jeti zako za zamani hazijachokonolewa, zirudishe hizohizo. Tumia vali ya boya na gasketi mpya, nyingine ziweke akiba.

Kabureta mpya nunua pale tu ambapo slaidi inacheza ndani ya nyumba yake, uzi wa skrubu umekufa, au mwili umepinda kwa kukazwa kupita kiasi. Kabla ya kufika huko, mwambie fundi apime vali za injini na akague mpira unaounganisha kabureta na injini. Mpira ukipasuka, hewa huingia kwa mlango wa nyuma na silensa huyumba vilevile. Kabureta nyingi nzima zimehukumiwa kwa kosa la mpira huo.

Liko jambo la Basotu lenyewe ambalo muuzaji wa Arusha au Dar es Salaam hatakwambia. Uwanda huu uko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, na kwenye mwinuko huo hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 14 kuliko pwani. Kabureta haijui kwamba umepanda. Inaendelea kutoa mafuta mengi kuliko yanayohitajiwa na hewa iliyopo. Ndiyo maana pikipiki iliyosetiwa pwani ikifika huku hutoa moshi mweusi na plagi kushika masizi. Nguvu iliyopotea kwa wepesi wa hewa hairudi yote kwa kuseti, ila mafuta yanayozidi yanaweza kupunguzwa. Kwa sababu hiyo kabureta isetiwe hapahapa inapofanyia kazi, hata kama vipuri umevitoa Babati au Singida.

Na kuseti huku ndiko watu wanakokataa kulipia! Fundi akimaliza kufunga huambiwa awashe tu, ikinguruma basi. Kuseti kwa haki huchukua muda. Injini ipate moto kwanza, choki izimwe, chujio la hewa liwe limefungwa mahali pake. Skrubu ya mchanganyiko ikazwe taratibu mpaka iguse, isilazimishwe, kisha irudishwe nyuma mzunguko mmoja na nusu. Injini ikiwaka, izungushwe robo kwa robo hadi mahali inapozunguka kwa kasi na utulivu zaidi, halafu silensa ishushwe kwa skrubu yake. Fundi lazima ajue upande: skrubu iliyo upande wa chujio hupima hewa, kuikaza ni kuongeza mafuta, iliyo upande wa injini hupima mafuta, kuikaza ni kuyapunguza. Baada ya hapo panda nayo mlima ukiwa na mzigo, zima, fungua plagi. Rangi ya chai ya maziwa ni nzuri. Nyeusi yenye masizi, mafuta yamezidi. Nyeupe, yamepungua, na hiyo ni hatari zaidi kwa sababu injini inachemka.

Wenye magurudumu manne ya kuzungukia shamba, na wenye guta za mizigo, hesabu yenu ni hiihii, na mna unafuu mmoja. Mashine nyingi za Kichina za aina hizo hutumia kabureta za familia ya PZ, zile zinazofungwa kwenye pikipiki za injini ya mtindo wa CG. Ukinunua chombo, angalia hilo kabla ya rangi na taa. Kabureta ngeni itakufanya usubiri kipuri kutoka mbali wakati mavuno yako shambani.

Kwa mwenye fedha ya kuchagua njia moja leo, uamuzi wangu ni huu: safisha bila kuchokonoa, badilisha vali ya boya na gasketi, na mlipe fundi malipo ya pekee kwa kazi ya kuseti. Ukilazimika kununua mpya, dai risiti ya EFD na makubaliano ya kuirudisha isiposhika silensa. Ukiuziwa bandia, risiti hiyo ndiyo ushahidi utakaoupeleka Tume ya Ushindani, FCC.