Aina ya Terminali Isiyotambuliwa katika Mashine za Linux za Mbali: Chanzo na Utatuzi kwa Watumiaji wa Mbeya na Iringa

Mbeya na Iringa zimetenganishwa na zaidi ya kilomita 300 za barabara. Mtafiti wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, au wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa kilichopo Iringa, anapohitaji kompyuta iliyo katika mji mwingine, njia nyepesi kuliko zote ni kuifikia kwa maandishi matupu kupitia SSH. Njia hii hubeba data kidogo, hivyo hustahimili hata mtandao dhaifu. Hata hivyo, huweza kutokea nywila ikakubaliwa, alama ya kungojea amri ikaonekana, kisha kihariri nano kikakataa kufunguka kwa ujumbe huu: "Error opening terminal: xterm-kitty."

Ni rahisi kuushuku mtandao. Shuku hiyo haina msingi, kwani muunganisho ungekuwa umekatika, ujumbe wenyewe usingefika.

Asili ya tatizo ni kongwe kuliko Linux. Katika miaka ya 1970 kila kiwanda kiliuza terminali yenye alama zake za kusogeza kielekezi na kufuta skrini. VT100 ya kampuni ya Digital, iliyotoka mwaka 1978, ilikuwa moja tu kati ya nyingi. Ili programu zisiandikwe upya kwa kila kifaa, maelezo ya vifaa yaliwekwa kando, kwanza katika termcap ya Bill Joy, baadaye katika terminfo. Vifaa hivyo vimetoweka, ilhali utaratibu umebaki. Terminali ya leo ni programu, na jina lake hutunzwa katika kigezo cha mazingira kiitwacho TERM. SSH hulipeleka jina hilo kwenye mashine ya mbali, lakini haipeleki maelezo yake. Mashine hiyo huyatafuta katika hifadhi yake yenyewe, kwa kawaida /usr/share/terminfo au /lib/terminfo. Seva iliyosimikwa miaka mingi kabla haiwezi kuwa na maelezo ya terminali iliyobuniwa baadaye.

Uchunguzi hufanyika kwenye mashine ya mbali kwa amri mbili. Ya kwanza, echo $TERM, huonyesha jina lililopokelewa; ya pili, infocmp, huonyesha kama maelezo yake yapo. Infocmp ikifaulu, chanzo ni kingine. Kwa mfano, programu top ikiitwa moja kwa moja ndani ya amri ya ssh, hulalamika kwa sababu haikupewa terminali yoyote. Hapo chaguo -t linatosha.

Tiba inayotumiwa zaidi ni kubadili jina: export TERM=xterm-256color. Tangu OpenSSH 8.7 ya mwaka 2021, SetEnv katika faili la usanidi la mtumiaji huweza kufanya hivyo kila anapounganisha. Tiba hii inafaa kwa dharura, lakini ni udanganyifu: programu ya mbali huandikia terminali isiyokuwepo. Pale terminali mbili zinapotofautiana, baadhi ya vibonye hukosa kazi au skrini huvurugika, na chanzo huwa kigumu kukibaini kwa kuwa hakuna ujumbe wa hitilafu.

Iliyo bora ni kuyapeleka maelezo yenyewe, kutoka kwenye kompyuta ya mtumiaji:

infocmp -x | ssh seva -- tic -x -

Hapa neno seva linasimama badala ya jina la mashine ya mbali. Amri tic huyaandika maelezo katika ~/.terminfo pale mtumiaji asipokuwa na ruhusa ya kuandika katika hifadhi ya mfumo. Jambo hili lina uzito kwa mwanafunzi, ambaye kwa kawaida hana mamlaka ya msimamizi na huenda akasubiri siku kadhaa kusaidiwa. Data inayosafiri ni kilobaiti chache tu.

Hata baada ya hapo, hitilafu huweza kurudi mara tu sudo inapotumika, kwa sababu root ana saraka yake ya nyumbani isiyo na maelezo hayo. Katika hali hiyo ni msimamizi anayepaswa kuyaweka katika hifadhi ya mfumo. Kwenye Debian na Ubuntu, kifurushi ncurses-term huongeza maelezo ya terminali nyingi kwa mkupuo mmoja.